Mivunjiko ya NOE: mwongozo kamili wa kuirudisha pembe ya jicho mahali pake

Mgonjwa wa aina hii namwona kliniki mara kwa mara. Alianguka na bodaboda miezi minne au mitano iliyopita, akafanyiwa upasuaji, na picha zinaonyesha mabamba yamekaa na mfupa umeunga. Lakini macho yameachana. Shina la pua limedidimia, na pembe ya ndani ya jicho iliyokuwa imechongoka sasa ni duara. Mama aliyemsindikiza anatoa simu, ananionyesha picha ya harusi ya mwaka jana, anasema, "Daktari, mwanangu ni huyu hapa."

Nikifungua faili nakuta kazi ilifanyika. Mvunjiko ulitambuliwa, ukafunguliwa, waya ukapitishwa. Ila ulipitishwa mbele mno. Kosa hilo linarudiwa na watu wenye mikono mizuri kabisa, ndiyo maana nimeamua kuandika hatua zote kwa mpangilio.

NOE ni kifupi cha nazo-obito-ethmoidi: eneo la baina ya macho ambapo mifupa ya pua inakutana na mfupa wa paji, taya la juu, mfupa mdogo wa machozi na ethmoidi, yaani mfupa mwembamba ulio baina ya matundu ya macho. Hapo ndipo inapojishikiza kano ya pembe ya ndani ya jicho, ikikikumbatia kijifuko cha machozi kwa matawi yake, moja mbele na jingine nyuma. Mfupa ukivunjika, kano huondoka na kipande chake, na msuli wa kope hukivuta kuelekea nje.

Namwandikia daktari aliye kwenye mafunzo ya upasuaji wa kinywa, taya na uso, au wa masikio, pua na koo. Hatua tatu za kwanza zinamhusu pia anayempokea mgonjwa usiku katika hospitali ya wilaya. Upasuaji wenyewe usiufanye mara ya kwanza bila mtu aliyekwisha kuufanya kusimama upande wa pili wa meza.

## Andaa kwanza

Kwa kupima: kalipa au rula safi ya milimita, tochi, chati ya kusomea, na picha ya mgonjwa ya kabla ya ajali. Ndiyo, picha ni kifaa. Waagize ndugu wailete mapema.

Kwa thieta: waya wa chuma cha pua wa geji 26 au 28, mabamba membamba ya titani ya milimita 1.0 hadi 1.3 kwa ajili ya eneo la karibu na jicho na mazito kidogo ya 1.5 hadi 2.0 kwa nguzo za uso, skrubu zake, drili yenye ncha nyembamba, sindano ndefu ya uti wa mgongo ya geji 18 au sindano ya mfupa, patasi ndogo, bamba pana linalopindika la kulinda jicho, klipu za kuzuia damu za ngozi ya kichwa, wavu wa titani, na dawa ya ganzi yenye adrenalini ya 1:200,000.

Kwa watu: mtoa dawa za usingizi aliyeelezwa mapema kwamba njia ya pua haitumiki, na daktari wa macho. Sinasi ya paji, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa paji, ikiwa imevunjika ukuta wa nyuma, au maji ya ubongo yakivuja, mshirikishe bingwa wa upasuaji wa ubongo kabla ya kupanga tarehe, wala si baada ya kufungua.

## Hatua ya 1: Uhai, kisha jicho, kisha sura

Njia ya hewa, shingo, kutokwa damu na ubongo vinatangulia. Uso hauna haraka kama hiyo.

Usipitishe kitu chochote puani, uwe mpira wa kulisha au mpira wa hewa. Sakafu ya ubongo inaweza kuwa imevunjika, na mpira ukaingia ndani ya fuvu. Mwambie mgonjwa asipenge kamasi, kwa sababu hewa husukumwa kwenye tundu la jicho au ndani ya fuvu. Mpe kinga ya pepopunda.

Kisha jicho. Fungua kope hata kama zimevimba kama ndizi mbivu, tumia vidole viwili na uvumilivu. Uliza anaona nini, anahesabu vidole, anaona mwanga? Angalia mboni zote mbili zinavyoitikia tochi. Jicho lililopasuka hufunikwa kwa kikinga kigumu bila kulikandamiza na kupewa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Onyo kubwa la hatua hii: jicho gumu kama jiwe, lililotokeza mbele, lenye maumivu makali na uoni unaopungua maana yake damu imejaa nyuma yake. Usimpeleke kwenye CT, ile mashine ya kupiga picha za vipande kwa kompyuta. Kata pembe ya nje ya kope na uachilie tawi la chini la kano yake pale pale kitandani. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikikosa damu inavumilia takribani dakika 90 hadi 120, na nyingi kati ya hizo zimeshaliwa na safari.

## Hatua ya 2: Pima, usikisie

Hapa ndipo wengi wanaandika "pua imevunjika" na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Uvimbe unaficha kila kitu. Kipimo hakifichwi.

Pima umbali kati ya pembe za ndani za macho mawili, kisha umbali kati ya mboni na mboni akiangalia mbele. Cha kwanza kinatakiwa kuwa karibu nusu ya cha pili. Kilinganishe pia na upana wa jicho moja kutoka pembe hadi pembe, navyo kwa kawaida hukaribiana.

Vitabu vingi vinataja milimita 30 hadi 35 kuwa ndiyo kawaida ya mtu mzima, na 40 kuwa dalili ya mvunjiko. Nambari hizo zilitokana zaidi na watu wa Ulaya na Marekani. Wengi wetu tumezaliwa na nafasi pana kidogo, hivyo 36 kwa mgonjwa mmoja ni sura yake na kwa mwingine ni jeraha. Uwiano ndio unaoamua, pamoja na picha.

Picha unaitumia hivi. Ikuze kwenye skrini, uso ukiwa umeelekea mbele. Pima upana wa duara lote la rangi la jicho, jeusi au la kahawia, si mboni ya katikati; kwa mtu mzima ni karibu milimita 12. Halafu pima nafasi kati ya pembe za ndani. Duara likiwa milimita 6 kwenye skrini na nafasi ikiwa 17, gawanya 17 kwa 6, zidisha kwa 12, unapata 34. Hiyo ndiyo nambari unayoifukuzia thieta. Iandike kwa kalamu ya rangi mbele ya faili.

## Hatua ya 3: Vuta kope, bana puani

Weka kidole juu ya pembe ya ndani, na kwa mkono wa pili vuta kope kuelekea sikioni. Kano nzima hukaza kama uzi wa upinde, uisikie. Ikiwa husikii kitu kikikaza, au pembe yote inafuata mkono wako na kuwa duara, kano imepoteza nanga.

Jaribio la pili linatoa jibu la uhakika zaidi, nalo hufanywa mgonjwa akiwa na ganzi au amelala usingizi. Ingiza koleo la kubania mishipa puani taratibu hadi chini ya pembe ya ndani, na kidole kiwe nje juu yake. Sukuma kwa upole. Kipande kikicheza kati ya ncha ya koleo na kidole, kimevunjika na kitahitaji upasuaji. Kosa la kawaida ni kuishia kwenye mfupa wa pua wenyewe: pua ikicheza unaandika NOE, kumbe kipande chenye kano hakijaguswa. Koleo lazima liwe chini ya pembe ya jicho hasa. Na iwapo CT inaonyesha ufa kwenye sakafu ya ubongo, liache jaribio hili.

Maji mepesi yanayodondoka puani yachukulie kuwa ya ubongo hadi ithibitike vingine. Doa lenye duara kwenye shuka linadanganya, kwani damu iliyochanganyika na machozi au kamasi hufanya vivyo hivyo. Mengi hukauka yenyewe mgonjwa akiinuliwa kichwa na kutulia.

## Hatua ya 4: CT, na kumpa mvunjiko jina lake

Omba vipande vyembamba vya milimita 1, vya mlalo na vya wima. Picha za kawaida za eksirei hazitoshi hapa. Angalia kipande cha katikati, yaani kile kilichobeba kano, kisha ukuta wa ndani wa tundu la jicho, sinasi ya paji na njia yake ya kutolea uchafu, na sakafu ya ubongo.

Mgawanyo tunaoutumia ni ule wa Markowitz na wenzake wa mwaka 1991. Aina ya I: kipande kimoja kikubwa, kano imeshikamana nacho. Aina ya II: vipande vingi, lakini kano bado iko kwenye kimojawapo kinachotosha kutobolewa. Aina ya III: mfupa umesagika hadi kwenye nanga yenyewe. Upande wa kulia unaweza kuwa wa aina moja na wa kushoto nyingine.

Usiishie kuandika "NOE" kwenye fomu ya rufaa. Aina ndiyo inayomwambia anayepokea kama atahitaji waya, pandikizi la mfupa, au vyote.

## Hatua ya 5: Siku ya upasuaji

Subiri uvimbe ushuke, mara nyingi siku ya 5 hadi ya 7, lakini usivuke wiki mbili. Baada ya wiki ya tatu vipande vimeanza kuunga vibaya na ngozi imenywea kwa kovu. Mgonjwa aliyecheleweshwa kwa sababu ya pesa au foleni ya CT ana shida ya kweli, kwa hiyo mpiganie apate nafasi.

Mpira wa hewa upitie mdomoni. Ikiwa taya nalo limevunjika na unahitaji meno yafungwe pamoja, upitishe chini ya kidevu, au toboa koo. Weka kitambaa kooni na kihesabiwe kwa sauti kikiingia na kikitoka. Kinga konea, kioo cha mbele ya jicho, kwa mshono wa muda wa kope.

## Hatua ya 6: Kufungua

Kidonda kikubwa kilichopo tayari kinaweza kutumika. Mvunjiko wa aina ya I uliosogea sehemu ya chini tu, mkato wa ndani ya mdomo wa juu na wa kope ya chini unaweza kutosha. Kwa yote mengine, fungua kwa mkato wa kichwani kutoka sikio hadi sikio, nyuma ya mstari wa mwanzo wa nywele.

Nakusihi usikate ubavuni mwa pua karibu na pembe ya jicho. Kovu la pale hujikunja kama utando, na kwa ngozi inayoota keloidi unamwachia mgonjwa alama ambayo hata bamba zuri halitaifidia.

Nywele hazihitaji kunyolewa. Muuguzi azisuke mbele na nyuma ya mstari wa mkato, zioshwe kwa dawa. Mkato ukiwa wa zigizaga hujificha zaidi nywele zikiota. Kwa mwanamume anayeanza kipara, urudishe nyuma zaidi.

Inua ngozi juu ya utando wa mfupa. Ukikaribia ukingo wa tundu la jicho, sentimita 2 hadi 3 juu yake, kata utando na ingia chini yake, ukiutunza uliobaki mzima. Sakafu ya ubongo ikihitaji kuzibwa, utando huo ndio kiraka chako. Neva ya juu ya jicho ikitoka kwenye kitundu, vunja kingo yake ya chini kwa patasi ndogo uishushe pamoja na ngozi. Ukilazimika kushuka pembeni hadi mfupa wa shavu, pita chini ya tabaka la juu la utando mzito wa msuli wa panjani, ili neva inayoinua nyusi ibaki salama juu yako.

Katika ukuta wa ndani kumbuka 24, 12, 6. Milimita 24 nyuma ya ukingo wa mbele wa machozi upo mshipa wa kwanza wa ethmoidi, 12 zaidi upo wa pili, 6 zaidi ipo neva ya macho. Mfupa ukisagika vipimo hivi husogea, basi vichukulie kama onyo.

## Hatua ya 7: Kitafute kipande, usikivue kano yake

Safisha mifupa yote inayozunguka, isipokuwa pale kano ilipojishikiza. Kano ukiing'oa kwa shauku ya kutaka kuona vizuri, umeigeuza aina ya II kuwa ya III kwa mkono wako mwenyewe. Ukivuta kipande kwa koleo na pembe ya jicho ikafuata kwenye ngozi, umekipata.

## Hatua ya 8: Ukingo kwanza, ukuta baadaye

Anzia kwenye mfupa mzima wa paji, shuka. Aina ya I ifunge kwa mabamba pande tatu: juu kwenye paji, chini kwenye ukingo wa tundu la jicho, na kando ya mlango wa pua. Ikishikamana imara na kipimo kimerudi, waya wa kuvuka pua hauhitajiki.

Usiweke bamba chini ya pembe ya jicho yenyewe. Ngozi pale ni nyembamba kama karatasi, na bamba lolote litatuna.

Kisha jenga ukuta wa ndani kwa wavu au mfupa. Usiuruke, kwa sababu waya unaofuata unahitaji kitu cha kuegemea kwa nyuma.

## Hatua ya 9: Waya

Chukua madaftari mawili membamba, yasimamishe sambamba kama kuta mbili za pua. Bana kingo zake za mbele kwa vidole. Umeona kingo za nyuma zinavyoachana? Hivyo ndivyo waya wa mbele unavyofanya. Mbele panaonekana pamebana, daktari anaridhika, na huku nyuma, kano iliko, nafasi inapanuka. Sasa bana kingo za nyuma. Mbele panajifuata.

Kwa hiyo waya uvuke nyuma na juu ya shimo la kijifuko cha machozi. Maneno hayo mawili, nyuma na juu, mwambie msaidizi wako ayaseme kwa sauti kabla hujatoboa. Mpaka wa juu ni mshono unaokutanisha mfupa wa paji na ethmoidi. Usiuvuke, kwani hapo ndipo ilipo sakafu ya ubongo.

Kwa aina ya II, toboa matundu mawili kwenye kipande chenye kano, pitisha waya uwe kitanzi, na ncha zake zote mbili zivuke kwenda upande wa pili kwa msaada wa sindano ndefu. Jicho la upande wa pili lilindwe kwa bamba pana muda wote sindano inapovuka. Ikiwa pande zote zimevunjika, kila upande uwe na waya wake. Ikiwa ni upande mmoja, funga ncha kwenye skrubu iliyo juu ya ukingo wa tundu la jicho zima, kwenye mfupa wa paji.

Kwa aina ya III, ishike kano kutokea kwenye kijimkato cha milimita 3 karibu na pembe, uipitie kwa uzi mzito au waya mara mbili, uvushe vivyo hivyo. Nyuma pakikosa mfupa kabisa, shusha bamba kutoka kwenye paji liingie ndani ya tundu la jicho, tundu lake la mwisho likae pale ambapo nanga ilikuwa.

Kaza polepole, na kalipa iwe mkononi mwa msaidizi. Nambari yako ilikuwa 34? Kaza hadi 32 au 33, kwa sababu tishu hulegea baadaye. Sijawahi kumwona mgonjwa aliyekuja kulalamika kwamba macho yamekaribiana kupita kiasi.

Umefaulu ukiona pembe imechongoka tena, imezama kidogo kuelekea ndani na si kukaa bapa juu ya pua, na ukivuta kope nje inagoma. Ikibaki duara, kata waya urudie. Ni afadhali dakika 40 zaidi leo.

## Hatua ya 10: Mgongo wa pua

Nyoosha ukuta wa kati wa pua. Kisha bonyeza mgongo wa pua kwa kidole: ukizama, unahitaji nguzo. Kata kipande cha tabaka la nje la mfupa wa kichwa kupitia mkato uleule, kichonge, ukifunge kwa skrubu au bamba kwenye paji kikae kama ubao unaoning'inia kutoka ukutani. Ubavu nao unafaa. Kifanye siku hiyohiyo, maana ngozi ikishanywea juu ya pua iliyodidimia haitanuki tena kirahisi.

Njia ya machozi usiichokonoe bila sababu. Vijifereji vya kope vilivyokatika vishonwe juu ya mpira laini wa silikoni. Machozi mengine yanayomwagika hupungua uvimbe ukiisha. Yakiendelea hadi mwezi wa 3 au wa 6, panga upasuaji wa kufungua njia mpya ya machozi kuingia puani.

## Hatua ya 11: Ngozi irudi kwenye mfupa

Hatua hii hurukwa kwa sababu watu wamechoka, saa ya tano ya upasuaji imeingia. Ngozi ya eneo hili uliibandua yote. Usipoirudisha, damu na kovu vitajaa chini yake, na mfupa uliopangwa vizuri utaonekana mpana.

Weka vipande viwili vya pedi laini pande zote za shina la pua, vikibanwa kwa waya unaovuka, kwa siku 7 hadi 10. Vikague kila siku. Ngozi ikianza kuwa nyeusi au kutoa malengelenge, legeza mara moja.

## Hatua ya 12: Wodini na baada ya hapo

Saa 24 za kwanza, muuguzi apime uoni na mboni kila saa. Usiandike tu "angalia macho". Andika: "mwamshe, ahesabu vidole, mulika mboni". Maumivu yanayozidi licha ya dawa, au mboni iliyopanuka na kugoma, ni simu ya usiku kwa daktari, na hatua ya 1 inarudi.

Kichwa kiinuliwe nyuzi 30. Asipenge kamasi wiki 4, na chafya aipige mdomo ukiwa wazi. Pamba za puani zitoke ndani ya saa 48, nyuzi za usoni siku ya 5 hadi ya 7, za kichwani siku ya 10.

Piga CT ya kuthibitisha kabla hajaruhusiwa, ukiangalia waya umevukia wapi. Ukiwa mbele, mrudishe thieta wiki hiyohiyo, wakati vipande bado vinasogezeka. Baadaye itabidi mifupa ikatwe upya.

Mwone wiki ya 1, ya 6, mwezi wa 3 na wa 6. Mwezi wa 6 pima tena kwa kalipa ileile, na uandike nambari chini ya ile uliyoiandika mbele ya faili siku aliyoletwa.